Jemadari Blücher na Barabara ya Wavre

Aghalabu mapigano ya Waterloo ya tarehe 18 Juni, 1815, husimuliwa kana kwamba yalikuwa ushindi wa Waingereza peke yao. Jenerali Wellington alisimama imara juu ya mwinuko wa Mont-Saint-Jean, Napoleon Bonaparte akamshambulia kutwa nzima, na jua lilipokuwa likitua Wafaransa wakatimua mbio. Masimulizi hayo yameenea mno katika vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na yana ukweli, ila ni ukweli wa upande mmoja. Kati ya askari takriban 68,000 aliokuwa nao Wellington, ni kama thuluthi moja tu waliotoka Uingereza. Waliosalia walikuwa Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wa majimbo mbalimbali. Isitoshe, kufikia magharibi askari wengine wapatao 50,000 wa jeshi la Prusia walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani kutoka upande wa mashariki. Aliyewaleta ni mzee wa miaka 72 ambaye siku mbili tu kabla ya hapo alikuwa amelazwa chini ya mzoga wa farasi wake huku askari wa adui wakipita mbio kando yake.

Mzee huyo ni Gebhard Leberecht von Blücher. Makala haya yanafuatilia maisha yake ya kivita kwa nia ya kueleza jambo ambalo mwanzoni linaonekana kama kitendawili. Huyu alikuwa mtu asiyependa vitabu, ambaye barua zake zilijaa makosa ya tahajia, mcheza kamari na mpenda mvinyo, aliyeshindwa na Napoleon mara nyingi kuliko alivyomshinda. Ilikuwaje mtu wa aina hiyo akawa mhimili wa muungano uliomwangusha mtawala aliyetetemesha Ulaya nzima?

Ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme, himaya ndogondogo na miji huru, Prusia ikiwa mojawapo ya dola kubwa miongoni mwazo. Blücher mwenyewe hakuzaliwa Prusia. Alizaliwa mwaka wa 1742 katika mji wa Rostock, jimbo la Mecklenburg, pwani ya Bahari ya Baltiki, katika ukoo wa kikabaila usiokuwa na mali nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alijiunga na jeshi la Uswidi, katika kikosi cha husari, yaani askari wa farasi wepesi waliotumiwa kupeleleza, kuvizia na kufukuza. Uswidi ilikuwa ikipigana na Prusia katika Vita vya Miaka Saba. Mwaka wa 1760 kijana huyo alitekwa na husari wa Prusia, na kanali aliyekiongoza kikosi hicho, Belling, akampenda na kumshawishi abadilishe upande. Hivyo ndivyo mtumishi mashuhuri wa mfalme wa Prusia alivyoanza utumishi wake: akiwa mateka.

Kazi ya husari ilimfaa. Hata hivyo, ulimi na hasira havikumfaa. Mnamo mwaka wa 1772, akiwa katika operesheni za kuwakandamiza waasi nchini Poland, alimtendea padri mmoja aliyeshukiwa kuwasaidia waasi kitendo cha kikatili, kwa kumtisha kwamba anauawa. Alipopandishwa cheo mtu mwingine badala yake, Blücher aliandika barua ya kujiuzulu iliyojaa ghadhabu. Mfalme Friedrich II, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza wanajeshi, alimwachilia kwa maneno makali mwaka wa 1773. Kwa miaka 14 iliyofuata Blücher alikuwa mkulima huko Pomerania. Alilima, akafuga, akazaa watoto, na kila mara akaandika kuomba kurudi jeshini. Mfalme hakukubali katu. Ilibidi afe kwanza, mwaka wa 1786, ndipo mrithi wake akamrudisha Blücher kikosini mwaka uliofuata akiwa meja. Wenzake wa rika walikuwa wamekwisha kumpita mbali.

Vita dhidi ya Ufaransa ya mapinduzi vilimpa nafasi ya kufidia muda uliopotea. Katika mapigano ya bonde la Mto Rhine mwaka wa 1793 na 1794 aliongoza husari wake kwa ustadi, akapandishwa kuwa meja jenerali, na mwaka wa 1801 akawa luteni jenerali. Lau mambo yangeishia hapo, jina lake lingejulikana na watafiti wachache tu wa historia ya askari wa farasi.

Maangamizi ya mwaka wa 1806

Jeshi la Prusia liliingia vitani na Napoleon mwaka wa 1806 likijivunia utukufu wa Friedrich II, ambaye alikuwa kaburini kwa miaka 20. Majemadari wake wengi walikuwa wazee, askari wake walitawaliwa kwa kiboko, na mbinu zake zilikuwa za zama zilizopita. Tarehe 14 Oktoba majeshi mawili ya Prusia yalivunjwa siku moja, moja Jena na jingine Auerstedt. Huko Auerstedt Blücher aliwaongoza askari wa farasi kulishambulia jeshi la Jemadari Davout, ambalo lilikuwa na watu wasiofika nusu ya Waprusia. Askari wa miguu wa Davout walijipanga kwa miraba, bunduki zikitazama pande zote, na kila shambulio la farasi likavunjika mbele yao. Ushujaa bila uratibu ulikuwa kama wimbi linalopiga mwamba.

Kilichofuata ni aibu. Ngome baada ya ngome zilisalimu amri, nyingine bila ya kufyatua risasi. Katika tufani hiyo Blücher, akisaidiwa na mnadhimu mkuu aitwaye Scharnhorst, alikusanya mabaki ya jeshi na kuyaongoza kaskazini, huku majeshi matatu ya Ufaransa yakimwandama. Alifika mji wa Lübeck akiwa na watu waliochoka na wenye njaa. Lübeck ulikuwa mji huru usiohusika na vita hivyo, na Blücher aliingia humo bila ridhaa ya wenyeji. Tarehe 6 Novemba Wafaransa waliuvamia, wakapigana na Waprusia mtaa kwa mtaa, kisha wakaupora kwa siku kadhaa. Wasifu mwingi wa Blücher huyapita haya haraka ili kufika kwenye sifa, lakini haki inadai isemwe kwamba raia wa Lübeck walilipia ukaidi wake kwa damu na mali. Kesho yake, katika kijiji cha Ratekau, alisalimu amri. Alipotia sahihi alisisitiza iandikwe kwamba anafanya hivyo kwa kuwa hana tena mkate wala baruti.

Sentensi hiyo fupi ilimjengea jina. Katika mwaka ambao majemadari wengine walikabidhi funguo za ngome zilizojaa chakula, yeye alipigana mpaka ghala likawa tupu. Alibadilishwa na jenerali wa Kifaransa aliyetekwa, Victor, mwaka wa 1807.

Prusia ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake katika mkataba wa Tilsit, na mwaka uliofuata ikalazimishwa kutokuwa na askari zaidi ya 42,000. Hapo ndipo mageuzi yalipoanza: wakulima wakafunguliwa kutoka katika utumwa wa ardhi, adhabu ya kiboko ikafutwa kwa askari wa kawaida, na uafisa ukaacha kuwa urithi wa makabaila pekee. Bongo za mageuzi hayo katika jeshi zilikuwa Scharnhorst na Gneisenau. Blücher hakuwa mwanafikra, lakini aliyaunga mkono, na watu hao waliokuwa wasomi wakubwa walimwona kuwa ndiye atakayeweza kuliongoza jeshi jipya siku itakapofika.

Siku hiyo ilichelewa, na kungoja nusura kummalize. Aliugua mwili na akili. Inasimuliwa kwamba katika kipindi kimoja aliamini kuwa ana mimba ya tembo. Baadhi ya wasimulizi wamekifanya kisa hiki kichekesho, nacho hakichekeshi sana mtu akizingatia hali ya mzee aliyeona nchi yake ikikaliwa na majeshi ya kigeni naye amefungwa mikono. Mfalme Friedrich Wilhelm III alikuwa mwoga wa Napoleon, na Wafaransa walipolalamika kwamba Blücher anachochea vita, akamwondoa katika wadhifa wake.

Mzee na mnadhimu wake

Napoleon aliporejea kutoka Urusi mwishoni mwa mwaka wa 1812 bila jeshi, Prusia iliinuka. Mwezi Machi 1813 ilitangaza vita, ikaunda na jeshi la mgambo lililowajumuisha raia wa kawaida. Blücher, akiwa na miaka 70, alipewa uongozi. Mapigano ya kwanza hayakuwa ya kujivunia. Huko Lützen tarehe 2 Mei alijeruhiwa, na Scharnhorst naye akapata jeraha lililomwua mwezi uliofuata. Huko Bautzen walishindwa tena. Hata hivyo jeshi lilirudi nyuma kwa mpangilio, likiwa na mizinga yake, na hilo lilikuwa jambo geni kwa watu waliomzoea Napoleon.

Nafasi ya Scharnhorst ilichukuliwa na Gneisenau, na hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Katika majeshi mengi ya wakati huo mnadhimu alikuwa karani wa jemadari: aliandika amri na kuhesabu mikate. Katika jeshi la Prusia lililofanyiwa mageuzi, mnadhimu mkuu alikuwa mshirika. Gneisenau ndiye aliyesoma ramani, aliyepima masafa, aliyeamua kikosi kipi kipite barabara ipi na saa ngapi. Blücher alisikiliza, akauliza, akaamua, na akishaamua hakuyumba. Kisha alipanda farasi akaenda waliko askari, akawatania kwa lugha yao, akavuta kiko chake mbele yao pale risasi zilipokuwa zikilia. Alilijua pungufu lake wala hakulionea haya. Chuo Kikuu cha Oxford kilipomtunukia shahada ya heshima ya udaktari mwaka wa 1814, inasemekana alijibu kwamba ikiwa yeye ni daktari, basi Gneisenau hana budi kufanywa mwuza dawa, kwa kuwa ndiye anayezitengeneza tembe.

Jeshi walilokabidhiwa, Jeshi la Silesia, lilikuwa na watu takriban 100,000, zaidi ya nusu wakiwa Warusi. Mpango wa muungano wa Prusia, Urusi, Austria na Uswidi ulikuwa wa werevu: yeyote atakayekutana na Napoleon mwenyewe arudi nyuma, atakayekutana na mmoja wa majemadari wake ashambulie. Blücher, ambaye hulka yake yote ilikuwa kusonga mbele, alilazimika kurudi nyuma mara kadhaa mwezi Agosti, huku makamanda walio chini yake wakinung'unika. Jenerali Yorck hasa alikuwa akimlaumu waziwazi kwa kuwachosha askari. Kisha Napoleon akaitwa upande wa Dresden, akamwachia Jemadari Macdonald uongozi. Tarehe 26 Agosti, kando ya mto Katzbach, mvua ilinyesha kutwa kucha. Baruti ililowa, bunduki zikakataa, askari wa mgambo wakapoteza viatu katika matope wakapigana pekupeku kwa singe na vitako vya bunduki. Wafaransa waliokwisha kuvuka walisukumwa mpaka kingo za mto uliofurika. Walipoteza takriban watu 15,000 na mizinga karibu 100.

Askari wa Kirusi walimpachika jina la Jemadari Mbele, kwa vile neno hilo la Kijerumani, Vorwärts, halikumtoka kinywani. Jina hilo limedumu. Mwezi Oktoba alivuka Mto Elbe, akawalazimisha washirika wake waliosuasua wamfuate, na tarehe 16 akafika kaskazini ya Leipzig kabla ya wakati ambao Napoleon alimtarajia. Katika kijiji cha Möckern kikosi cha Yorck kilipoteza takriban thuluthi moja ya watu wake kwa alasiri moja, lakini kiliwazuia Wafaransa waliohitajika sana kusini. Siku tatu baadaye Napoleon alikimbia kutoka Leipzig. Blücher alipandishwa cheo kuwa Jemadari Mkuu.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1814 alianza kuvuka Mto Rhine pale Kaub, juu ya daraja la mashua lililojengwa na wahandisi wa Kirusi, akaingia Ufaransa. Papo hapo udhaifu wake ukajitokeza. Baada ya kumshinda Napoleon huko La Rothière tarehe 1 Februari, alivitawanya vikosi vyake kwa pupa ya kuifikia Paris. Kati ya tarehe 10 na 14 Napoleon alivipiga kimoja baada ya kingine, Champaubert, Montmirail, Château-Thierry na Vauchamps, na Jeshi la Silesia likapoteza zaidi ya watu 15,000. Jemadari mwingine angerudi Rhine. Blücher alikusanya mabaki, akapokea vikosi vipya, na baada ya wiki chache akawa njiani tena. Kuvunjika kwa koleo kwake hakukuwa mwisho wa uhunzi.

Mapigano ya Laon ya tarehe 9 na 10 Machi yanaonyesha thamani yake kwa njia ya kinyume. Usiku wa kwanza Waprusia walivunja kikosi kizima cha adui, na njia ya kummaliza Napoleon ikawa wazi. Lakini Blücher alikuwa hoi kwa homa na maumivu ya macho, na uongozi ukawa mikononi mwa Gneisenau. Naye Gneisenau, mwerevu kuliko wote, alisita, akafuta amri ya kufukuza, na Napoleon akaponyoka. Jeshi lilikaa pale siku kadhaa bila kufanya lolote la maana. Maarifa yalikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuyabebea dhamana. Paris ilianguka mwishoni mwa mwezi huo, na Blücher akatunukiwa cheo cha Mwanamfalme wa Wahlstatt, jina la kijiji kilicho karibu na Katzbach.

Siku tatu za Juni

Napoleon alipotoroka kisiwa cha Elba mwaka wa 1815, Blücher aliitwa tena kutoka katika mapumziko. Tarehe 16 Juni alimkabili huko Ligny, Ubelgiji, akiwa na watu wapatao 84,000, wengi wao wakiwa wageni wa vita. Alitarajia msaada wa Wellington, lakini siku hiyohiyo Wellington naye alikuwa amebanwa huko Quatre Bras. Jioni, katikati ya safu za Waprusia ilipopasuka, Blücher aliongoza mwenyewe shambulio la farasi. Farasi wake alipigwa risasi akamwangukia. Msaidizi wake, Nostitz, aliruka chini akamfunika kwa joho ili medali zake zisionekane. Askari wa farasi wa Ufaransa walipita, wakarudishwa, wakapita tena, wala hawakujua kwamba mtu waliyemtaka alikuwa karibu na kwato zao.

Blücher hakujulikana aliko, hivyo uamuzi ukawa wa Gneisenau. Prusia ilikuwa imepoteza watu takriban 16,000, na usiku huo wengine wapatao 8,000 wakatoroka. Njia salama ilikuwa ya kwenda mashariki, kuelekea Liège na Rhine, kuliko chakula na baruti. Gneisenau aliamuru jeshi lirudi kaskazini, kupitia mji wa Wavre. Uzito wa uamuzi huo unaonekana ramani ikitazamwa: kwenda Liège kungelitenga jeshi na Wellington kabisa, lakini kutoka Wavre hadi Mont-Saint-Jean ni takriban kilomita 13 tu. Ila barabara kuwa wazi na kuifuata ni mambo mawili. Gneisenau hakumwamini Wellington, akihofia kwamba Waingereza wangepanda merikebu zao na kuwaacha Waprusia peke yao. Blücher, aliyepatikana akiwa amechubuka mwili mzima, akapakwa dawa zenye harufu ya kitunguu saumu na pombe kali, ndiye aliyeshikilia kwamba ahadi ni ahadi.

Alfajiri ya tarehe 18 safari ilianza. Kikosi cha Bülow kilitangulia kwa kuwa hakikupigana Ligny, ijapokuwa ndicho kilichokuwa mbali zaidi. Moto uliozuka katika njia nyembamba za Wavre ukawachelewesha waliokuwa nyuma yake. Mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imegeuza njia za bonde la Lasne kuwa tope, na mizinga ikasukumwa kwa mabega. Mzee alipita huku na huko juu ya farasi akiwasihi askari wasimfanye mwongo mbele ya mwenzake. Nyuma yao, huko Wavre, kikosi cha Thielmann, ambacho mnadhimu wake alikuwa Carl von Clausewitz aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa nadharia ya vita, kilishambuliwa na Jemadari Grouchy aliyekuwa na watu karibu mara mbili zaidi. Thielmann aliomba msaada. Jibu lilikuwa kwamba hakuna. Ashikilie hapo hapo, kwa maana vita vitaamuliwa kwingine.

Yapata saa kumi na nusu alasiri mizinga ya Bülow ilianza kunguruma. Napoleon alilazimika kuvitoa vikosi vilivyosalia, kwanza watu wapatao 10,000 wa Lobau, kisha Walinzi Vijana, na hatimaye hata baadhi ya Walinzi Wakongwe, ili kukilinda kijiji cha Plancenoit kilicho nyuma ya mgongo wake. Kijiji hicho kilitwaliwa na kutwaliwa tena, watu wakichinjana makaburini na ndani ya kanisa. Kila kikosi kilichopelekwa huko kilikuwa kimepungua mbele ya Wellington, ambaye safu zake zilikuwa zimekonda mno. Saa moja jioni Waprusia wa Ziethen walipofika na kuungana na ubavu wa kushoto wa Wellington, hesabu ilikuwa imekwisha. Waprusia walipoteza karibu watu 7,000 kwa saa zisizozidi tano.

Usiku huo majemadari wawili walikutana karibu na nyumba ya wageni iitwayo La Belle Alliance, Gneisenau akaendelea kuwafukuza Wafaransa kwa mbalamwezi. Huko Paris, mwezi Julai, Blücher alitaka kulilipua daraja la Jena kwa sababu jina lake lilikumbusha aibu ya 1806. Alizuiwa na washirika wake, na daraja lipo hadi leo. Alistaafu, akafariki tarehe 12 Septemba, 1819, katika shamba lake la Krieblowitz, Silesia, kijiji ambacho sasa kinaitwa Krobielowice na kimo nchini Poland. Prusia yenyewe ilifutwa rasmi na mataifa yaliyoikalia Ujerumani mwaka wa 1947.

Blücher alipendekeza mapigano yale yaitwe La Belle Alliance, maana yake muungano mwema, na kwa muda mrefu Waprusia waliyaita hivyo. Wellington alichagua Waterloo, kijiji kilicho kilomita chache nyuma ya uwanja, mahali alipolala na kuandikia taarifa yake. Hapakupiganwa vita katika kijiji hicho.